Pale Bei Inapokoma

Ibada ya Jumapili katika usharika wa Kilutheri huko vijijini Kilimanjaro haimalizikii kwenye baraka ya mchungaji. Waumini wakishatoka hukusanyika tena nje, kando ya ukuta wa kanisa au chini ya mti, na mzee wa kanisa mwenye sauti ya kubeba umati huanza kunadi. Mkungu wa ndizi. Kuku aliyefungwa miguu. Maziwa kwenye chupa, mahindi kwenye ndoo, na mayai mawili aliyoyaleta bibi ambaye hakuwa na kitu kingine. Ni sadaka za waliokosa fedha taslimu wiki hiyo. Zilipelekwa madhabahuni zikiwa mazao, sasa zinageuzwa fedha ziingie kwenye hesabu za usharika.

Anayeushuhudia mnada huo kwa mara ya kwanza hushangazwa na bei. Yai moja linaweza kununuliwa kwa fedha ambayo dukani ingenunua mayai kadhaa, na aliyelinunua huenda akalirudisha mezani linadiwe upya. Watu wanacheka, wanashangilia, wanapandishiana dau kwa furaha. Hakuna anayelalamika kwamba amelanguliwa. Na watu haohao, siku ya gulio, watasimama robo saa wakibishania shilingi mia mbili ya mkungu wa aina ileile. Si wanafiki. Wanajua tu kwamba hapa nje ya kanisa bei ina kazi nyingine, na kesho sokoni itarudia kazi yake ya kawaida.

Namna ya kupatanisha mali na maisha ya roho huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni jambo la moyo peke yake. Mtu huambiwa asiipende fedha kupita kiasi, amkumbuke Mungu, atenge muda wa kutulia. Maneno hayo ni ya kweli, ila hayamfai sana mwenye duka saa kumi na moja jioni wateja wakiwa wamejazana mlangoni. Jamii zilizoweza kuishi na vyote viwili kwa vizazi hazikuuachia moyo mzigo mzito namna hiyo. Ziliweka mambo yanayohesabika: saa ambayo kazi inasimama, sehemu ya mali ambayo si ya mwenye mali hata ikiwa mfukoni mwake, na vitu ambavyo havina bei kabisa.

Kusini mwa Tanzania upo mfano ambao umedumu zaidi ya karne moja. Wamonaki Wabenediktini walifika Peramiho, nchi ya Wangoni, mwaka 1898, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss. Walikuja sambamba na utawala wa Kijerumani, na historia hiyo haifai kufunikwa: Vita vya Majimaji vya kuupinga utawala huo vilipowaka mwaka 1905, Spiss, wakati huo akiwa askofu, aliuawa safarini pamoja na mabruda na masista aliofuatana nao, na misheni ya Peramiho ikateketezwa. Wenzao walirudi na kujenga upya. Ndanda, upande wa Masasi, ilianzishwa mwaka 1906. Leo abasia hizo mbili zina hospitali, karakana, mashamba na mitambo ya uchapaji, na mafundi wengi wa kusini, wa useremala, uashi na umakanika, walijifunza kazi kwenye vyuo vyake.

Kinachowaongoza wamonaki hao ni kitabu chembamba cha karne ya 6 kutoka Italia, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, chenye sura 73. Msomaji anayetarajia maneno mazito ya kiroho tu atashangaa jinsi kinavyojishughulisha na mambo ya ghala, jiko na shamba. Mtunza stoo anaagizwa avitunze vyombo vyote vya nyumba, jembe na sufuria pia, kwa uangalifu uleule anaovitunzia vyombo vya altare. Kengele ya sala inapolia, mmonaki huacha mara moja alichokishika mkononi, hata kama kazi haijafika mwisho. Fundi anayejivunia ufundi wake kwa kuona kwamba anaiingizia nyumba faida huondolewa kwenye kazi hiyo mpaka anyenyekee. Na bidhaa za monasteri, inasema sura ya 57, ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya walimwengu.

Chini kidogo. Benedikto hakusema zigawiwe bure. Monasteri ingefilisika na wamonaki wangegeuka ombaomba. Wala hakuruhusu ziuzwe kwa bei yoyote ambayo soko lingekubali. Aliacha nafasi nyembamba kati ya bei ya soko na bei ya nyumba, na katika nafasi hiyo fundi hukumbushwa kila siku kwamba kazi yake haiishii kwenye faida. Kule Kilimanjaro bei hupanda juu ya soko, huku Peramiho kanuni inataka ishuke chini yake. Pande zote mbili kuna watu waliokataa kuliachia soko neno la mwisho.

Mfano mpya zaidi uko Ruvuma, mkoa huohuo wa Peramiho. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole wamejenga kituo cha kufua umeme cha Tulila, kwenye mto Ruvuma, chenye uwezo wa megawati 5, na umeme wake huuzwa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Kilianza kazi wakati mji wa Songea ulikuwa bado unategemea jenereta za dizeli, kwa kuwa gridi ya taifa haikufika mjini humo hadi mwaka 2018. Hebu mtu alitazame jambo hilo kwa utulivu. Wanawake ambao kila mmoja wao, kwa mujibu wa kanuni yao, hana hata kalamu anayoweza kuiita yake, kwa pamoja wanamiliki bwawa, mitambo na mkataba wa biashara na shirika la umma. Wanapaswa kujua kina cha maji, mikopo, vipuri na ankara. Na kengele inalia vilevile, mara kadhaa kwa siku.

Ugumu wa mpango huu unajulikana, na wamonaki wenyewe ndio walioujua mapema kuliko wote. Watu wanaofanya kazi kwa bidii, wasiotapanya, wasio na watoto wa kurithisha, hutajirika tu. Ilitokea Ulaya: abasia zikawa na mashamba makubwa na majengo ya fahari, na mwaka 1098 kundi la wamonaki likajitenga kwenda Cîteaux, Ufaransa, kuanza upya kwenye msitu na kinamasi, kwa sababu waliona kanuni imezama ndani ya utajiri ilioutengeneza yenyewe. Karne chache baadaye warithi wao nao walikuwa matajiri wa sufu. Mpaka uliowekwa mara moja hauji na mlinzi wake. Kila kizazi hulazimika kuuchimba upya.

Uislamu nao uliweka saa ya kusimama, ingawa haukutenga siku nzima ya mapumziko. Sura ya 62 ya Kurani, Al-Jumua, inawaagiza waumini waache biashara adhana ya Ijumaa inapotolewa, na aya inayofuata inawaambia sala ikiisha watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mungu. Kwa hiyo biashara haikulaaniwa. Ilisimamishwa kwa muda, kisha ikaruhusiwa kurudi papo hapo, na imeitwa kwa jina la heshima. Mtume mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na bibi Khadija aliyemwajiri kabla ya kuolewa naye alikuwa na misafara yake.

Adhuhuri ya Ijumaa katika Darajani ya Unguja au Marikiti ya Mombasa huonyesha aya hizo zikitembea kwa miguu. Milango inashushwa nusu, meza za vitambaa zinafunikwa shuka, na muuzaji wa viungo anamwacha mteja na karafuu zake hazijapimwa. Baada ya muda si mrefu kelele zinarudi kama kawaida. Mtu asiyejali angesema hakuna kilichopotea wala kilichopatikana. Lakini kwa mfanyabiashara, kumwacha mteja mwenye fedha mkononi ni kitendo kigumu, na anakifanya hadharani, mbele ya majirani ambao nao wanafunga. Asingekuwa na msikiti mtaani na desturi ya soko zima, pengine angesema: namalizana na huyu mmoja kwanza.

Wasabato wa Upare wanalipa gharama kubwa zaidi kwa kusimama. Misheni yao ya kwanza milimani huko ilianza mwaka 1903, na tangu hapo familia nyingi hufunga biashara Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua tena. Kwa mwenye duka, Jumamosi ndiyo siku ambayo watumishi wa serikali wako nyumbani na harusi zinafanyika. Ni siku ya mauzo. Kwa mwanafunzi, ni siku ambayo mtihani au masomo ya ziada huweza kupangwa bila kumuuliza. Nchini Kenya suala hilo lilifika mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kwamba shule zinapaswa kuwapa wanafunzi Wasabato nafasi ya kuitunza siku yao. Wapo wanaowaona watu hawa kuwa wagumu mno. Ila ni haki kukiri kwamba wamelinda kitu ambacho wengi wamekipoteza bila hata kugundua: siku moja kati ya saba ambayo hakuna anayeweza kuinunua.

Baada ya saa huja kiasi.

Zaka ya Kiislamu ni hesabu, na uzuri wake umo humohumo ndani ya hesabu. Haimdai aliye chini ya nisabu, kiwango cha chini cha mali, ambacho wanazuoni wengi wa leo wanakikadiria kwa gramu 85 za dhahabu. Haidai mpaka mali itimize hawli, mwaka mmoja kwa kalenda ya Hijria. Ikitimiza, inadai asilimia 2.5. Nyumba anayoishi mtu haimo, wala zana anazofanyia kazi. Fundi cherehani hatolei zaka cherehani chake; mwenye duka la vitenge hutolea zaka vitenge vilivyo rafuni, kwa thamani yake ya siku ile. Mazao yaliyomwagiliwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, lakini yale ambayo mkulima aliyahangaikia kwa kuteka maji au kwa mashine hutolewa nusu yake tu. Hazina ya kale iliyookotwa ardhini inadaiwa moja ya tano. Kadiri jasho linavyozidi ndivyo dai linavyopungua, na kile kilichopatikana bila jasho ndicho kinachodaiwa zaidi. Mfumo wa kodi wa nchi nyingi haujafikia uangalifu huo.

Fedha iliyolazwa tu, bila kufanyishwa kazi, huliwa na zaka kidogo kidogo kila mwaka. Anayetaka mali yake isipungue itambidi aiingize kwenye biashara, ambako itamgusa na mtu mwingine: mchukuzi, fundi, mkulima, karani. Na wanaopokea wametajwa kwa makundi manane, miongoni mwao mwenye deni lililomshinda na msafiri aliyekwama njiani. Mtoaji hachagui kwa kufuata huruma ya siku hiyo. Ile 2.5 haikuwa yake tangu hawli ilipotimia. Alikuwa ameishikilia tu.

Wakfu huenda mbali zaidi, kwa sababu huitoa mali nzima kwenye mzunguko wa kuuzwa na kurithiwa. Mapokeo yanasimulia kwamba swahaba Omar bin al-Khattab alipopata ardhi nzuri Khaybar alimwuliza Mtume aifanye nini, akashauriwa alizuie shina na kuyatoa matunda: ardhi isiuzwe, isipewe mtu, isirithiwe, mazao yake yaende kwa wahitaji. Juu ya ushauri huo ndipo palipojengwa sehemu kubwa ya miji ya Waswahili. Mji Mkongwe wa Unguja una misikiti inayokaribia hamsini katika eneo ambalo mtu anaweza kulivuka kwa miguu kabla kahawa yake haijapoa, na mingi ilijengwa na watu binafsi, matajiri na watu wa kawaida, wakaiwekea nyumba au shamba la minazi la kuilipia mafuta ya taa, mikeka na imamu. Wanawake walikuwemo miongoni mwa walioandikisha wakfu. Nyingine ziliandikwa kwa manufaa ya watumwa walioachwa huru na vizazi vyao.

Hapa ndipo habari inapokuwa chungu, na msomaji wa pwani anajua kwa nini. Utajiri ule ulitoka wapi?

Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Unguja, alikuwa miongoni mwa watu wenye fedha nyingi kabisa katika Afrika Mashariki ya karne ya 19. Mwaka 1887 liliwekwa jiwe la msingi la jengo aliloligharimia ufukweni, litakalokuwa hospitali ya kuwatibu maskini bure. Alifariki mwaka 1891, kabla halijakamilika. Jengo likaisha baadaye, likauzwa, na mnunuzi akaweka zahanati ya hisani ghorofa ya chini. Bado lipo, na roshani zake za mbao zilizochongwa hupigwa picha na kila mgeni anayeshuka bandarini. Ni zawadi ya dhati. Lakini Topan huyohuyo ndiye aliyemkopesha bidhaa Hamed bin Muhammad al-Murjebi, Tippu Tip, kwa ajili ya misafara ya bara iliyorudi na pembe za ndovu, na iliyoacha vijiji vimechomwa na watu wamefungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka kumi na minne tu kabla ya jiwe lile la msingi. Topan aliyafahamu yote mawili, kitabu cha mikopo na mchoro wa hospitali.

Inawezekana kabisa kwamba alimcha Mungu. Inawezekana pia kwamba wenye mashamba ya karafuu walioandikisha wakfu walilia machozi ya kweli katika sala zao. Hilo halipunguzi kitu. Fikihi, sheria ya Kiislamu, yenyewe inasema bayana kwamba mali ya haramu haitakaswi kwa zaka. Inarudishwa kwa mwenyewe aliyedhulumiwa. Mafundisho yalikuwepo, yamesomwa madarasani, na bado jamii nzima ilijipangia dini safi kwenye upande wa kutoa na kufumba macho kwenye upande wa kuchuma. Mtu anayetaka kufanikiwa bila kupoteza roho yake leo huulizwa mara nyingi anatoa kiasi gani. Swali lililowashinda watu wa Unguja ni lile la kwanza: nani alilia ili hii ipatikane? Nalo linamhusu aliyejenga kiwanda, aliyepata tenda, aliyenunua kiwanja ambacho mjane alifukuzwa.

Onyo lilikuwa limeshatolewa pwani kabla ya hapo. Karibu na mwaka 1810 au 1820, kisiwani Pate katika pwani ya Kenya, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaosomwa mpaka leo kama onyo dhidi ya mali. Pate ilikuwa imeanguka. Biashara ilikuwa imehama, vita vimeudhoofisha mji, na majumba ya mabwana wake yamebaki matupu. Wasomaji wengi humwona mshairi kama mtu anayeidharau dunia. Ukisomwa kwa makini, utenzi huo unaonyesha jambo jingine: mtu huyu aliijua mali ile kwa mapenzi. Anakumbuka taa, vitanda, vidaka vya ukutani vilivyojaa sahani, na jinsi watu walivyotembea kwa maringo. Anayedharau hakumbuki vitu kwa undani namna hiyo. Uchungu wake unatokana na kuona kwamba uzuri wote ule ulishikiliwa kana kwamba ungedumu, na nyumba zilizoujaza zimeachiwa wadudu na ndege.

Jirani na Pate, Lamu, yapo majengo yaliyokuwa na bahati tofauti. Mwishoni mwa karne ya 19 alifika mtu kutoka Ngazija, Habib Swaleh, wa ukoo wa Jamalilleyl, akaanza kuwasomesha watu ambao waungwana wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo watoto wa watumwa, upande wa Langoni. Hakuwa na misafara wala forodha. Msikiti na madrasa ya Riyadha aliyoiasisi imetoa walimu waliotawanyika pwani yote, na kila mwaka Maulidi yake hujaza mji wageni. Uchumi wa Lamu siku hizo za Maulidi, mahoteli, mashua, vyakula, hupata uhai kutokana na watu waliokuja kwa jambo lisilo la biashara.

Kwenye miji ya sasa neno linalosikika zaidi ni mbegu. Panda mbegu. Mafundisho hayo yalikomaa Marekani katikati ya karne ya 20, kwa wahubiri kama Oral Roberts, yakaenea Afrika Mashariki kwa mikutano ya injili, redio na televisheni: muumini hutoa fedha akitarajia Mungu amrudishie maradufu, kazi, nyumba, gari, visa. Si haki kuwacheka wanaopanda. Wengi ni watu ambao benki haiwakopeshi kwa kuwa hawana hati ya nyumba, na kanisani kwa mara ya kwanza wameambiwa kwamba Mungu hafurahii umaskini wao. Wapo walioacha pombe hapo, wakapata marafiki wa kuaminiana, wakaanza biashara ndogo ikasimama. Hayo ni matunda ya kweli na yanastahili kutajwa.

Kasoro iko mahali pamoja, nayo ni kubwa. Katika mnada wa Kilimanjaro, katika zaka, katika wakfu, kutoa ndiko mahali ambapo hesabu ya faida inasimama. Katika kupanda mbegu hesabu ya faida imevushwa mpaka ikaingizwa ndani ya sadaka yenyewe. Hapo hakuna tena mahali ambapo mtu anapumzika na soko, kwa sababu hata magoti yake yakiwa chini bado anasubiri marejesho. Na mavuno yasipoonekana huambiwa imani yake ni haba, apande tena. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wameyafuata uponyaji na mafanikio. Miaka mitatu baadaye ulionekana mwisho wa upande wa pili, wa kuikataa dunia kabisa: msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ulifukuliwa na kutolewa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Dunia iliyokataliwa namna ile haikuwaacha na roho iliyokua. Iliwaacha watoto makaburini.

Kati ya uwanja ule na msitu ule wanaishi watu wengi wa kawaida ambao hawatafuti muujiza wala kifo. Shida yao ni muda. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanza Kenya Machi 2007, ilimfikishia mama wa kijijini fedha za mwanawe bila safari ya basi, na hilo ni jema lisilopingika. M-Shwari ikafuata mwaka 2012 na mkopo wa simu, kisha Fuliza, nayo ya mkopo, mwaka 2019. Duka ambalo zamani lilifungwa kwa kufuli sasa liko mfukoni, na kufuli halina pa kuwekwa. Oda inaingia saa tano usiku. Deni linakumbusha alfajiri, mara nyingine kabla ya adhana. Sadaka na zaka nazo hutumwa kwa simu hiyohiyo, kwa namba ya malipo, na mtu huweza kutimiza wajibu wake wote wa mwaka akiwa kwenye foleni ya magari bila kuuona uso wa aliyempa. Bibi mwenye mayai mawili angekosa nafasi katika mpango huo, na wale wanaopandishiana dau kwa ajili yake wangekosa pia.

Mwenye duka anaweza kuizima simu akiamua. Dereva wa bodaboda aliyeajiriwa hawezi kwa wepesi huo. Jijini Dar es Salaam pikipiki nyingi barabarani si za wanaoziendesha. Zina tajiri, na kila siku dereva humpelekea hesabu, kiasi kilichokubaliwa, mvua inyeshe isinyeshe. Kinachozidi baada ya mafuta ndicho chake. Wengine wako kwenye mkataba, wanalipa mpaka pikipiki iwe yao. Kwa kijana huyo mahubiri kuhusu kutenga muda wa Mungu hufika kama lawama. Anajua vizuri saa ya sala. Anajua pia kwamba akikosa abiria wa saa hiyo, jioni atapungukiwa, na pungufu la leo huongezwa kwenye hesabu ya kesho.

Inafaa kukumbuka kwamba amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi wake, mjakazi, mifugo, na mgeni aliye malangoni mwake. Sura chache mbele, ng'ombe na punda wanatajwa tena kwamba nao wapumzike. Aliyeiandika alielewa kwamba pumziko la mnyonge liko mikononi mwa anayemwajiri. Mikataba mingine ya bodaboda na bajaji mjini imeshafuata jambo linalokaribia hilo: hesabu ya siku sita, Jumapili ya dereva. Na wengi wao Jumapili hiyo huenda misa ya alfajiri, wakitoka wanaingia barabarani moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo siku pekee ambayo kila shilingi ni yao na kodi ya chumba inakaribia. Siku wamepewa, kiasi cha zile siku sita ndicho kinachowanyang'anya. Kama hesabu ingeshushwa mpaka siku sita zitoshe kumlisha dereva na watoto wake, angeweza kuchagua kwa hiari yake kati ya benchi la kanisa, mkeka wa msikiti na usingizi. Hilo haliamuliwi na mhubiri wala na dereva. Linaamuliwa na mwenye pikipiki tatu, ambaye huenda anakaa safu ya mbele siku ya ibada, anapoketi na kijana kuandika tarakimu kwenye mkataba.